Uji Unamsubiri Mgeni Rasmi

Palikuwa na nchi, na tafadhali usiniulize jina lake. Jina la zamani lilifutwa siku ya uhuru. Jina jipya lilichaguliwa na kamati ya watu tisini, likachongwa kwenye marumaru, likafunikwa kitambaa, na kitambaa hicho hakijavutwa mpaka leo kwa sababu mgeni rasmi wa kukivuta hajapatikana. Kutamka kitu kisichozinduliwa ni kosa la jinai. Basi wenyewe wanaiita Hapa, nasi tuwafuate.

Sheria ya Hapa ni moja, na ni njema: kitu chochote chenye manufaa kwa umma hakitumiki kabla ya kuzinduliwa. Bomba la maji likichimbwa kijijini hufungwa utepe, na wanakijiji huendelea kuchota bwawani pamoja na punda, huku wakilitazama bomba lao kwa fahari. Daraja la mto mkubwa liko tayari mwaka wa nne sasa. Watu huvuka kwa miguu majini chini yake, na wakifika katikati hukiri kwamba kivuli chake kinapoza sana.

Sasa ikatokea wataalamu wakapima watoto nchi nzima. Walikuta kwamba watoto wa Hapa huzaliwa wazuri, hunawiri kwa maziwa ya mama miezi sita, kisha husimama. Hawarefuki wala hawaongezeki uzito, na wakifika shuleni mwalimu akiuliza swali wanamtazama tu. Wizara ya Makuzi, Uji na Hafla ilijifungia hotelini siku tatu kutafuta chanzo, ikakipata. Chanzo kilikuwa kwamba akina mama walianza kuwapa watoto uji kiholela, kila mmoja siku yake, jikoni kwake, bila hotuba.

Hapo ukatoka Waraka Namba Sita. Kuanzia sasa, ulisema, kijiko cha kwanza cha uji cha kila mtoto kitazinduliwa na mgeni rasmi, kata kwa kata. Mtoto atakayeonja kabla ya hapo kadi yake itagongwa muhuri wa BATILI, na mtoto batili haingii mlango wa kliniki, hapati chanjo, wala haandikishwi shule akikua. Wananchi walishangilia waraka huo kwa maandamano ya hiari, na mahudhurio yalichukuliwa asubuhi na jioni.

*

Sikudhani alikuwa fundi cherehani, mke wa Mbaraka, mpiga tarumbeta wa Bendi ya Taifa ya Uzinduzi. Binti yao wa kwanza walimpa jina la bibi yake Mbaraka, Mashavu, na jina likamkaa. Miezi sita ya kwanza hakuonja kitu ila maziwa ya mama yake, akajaa mpaka majirani wakawa wanamfinya mashavu wakipita, na Sikudhani akawa anawatazama vidole.

Kila mwezi alimpeleka kliniki kwa Nesi Veneranda, mwanamke mkali kwa akina mama na mpole kwa watoto. Nesi alimtundika Mashavu kwenye mzani, akaweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita.

“Mstari ukipanda, mama lala,” alikuwa akisema. “Mstari ukilala, mama amka.”

Mwezi wa sita mstari ulikuwa bado unapanda. Nesi Veneranda akamweleza Sikudhani kwamba sasa maziwa peke yake hayamtoshi mtoto, ingawa asiyaache. Tumbo la mtoto ni kama ngumi yake, alisema, ukilijaza uji wa maji umelijaza maji. Uji uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa au dagaa, siku nyingine yai, siku nyingine boga au parachichi, na mafuta kidogo. Aliyasema yote hayo kwa utaratibu, kama alivyofundishwa chuoni zamani, kisha akavuta pumzi, akachukua muhuri, akagonga juu ya kadi: ANASUBIRI UZINDUZI.

Sikudhani akauliza uzinduzi ni lini. Nesi akasema Alhamisi ya wiki inayofuata, akatazama pembeni.

*

Alhamisi hiyo waliitwa saa mbili asubuhi. Akina mama arobaini na mmoja walikaa juani na watoto wao mapajani, kwa kuwa turubai lilikuwa la meza kuu. Sufuria kubwa la uji lilikuwa katikati ya uwanja, limefungwa utepe kama zawadi ya harusi. Mvuke wake uliwafikia watoto, nao wakawa wanarusha mikono.

Mgeni rasmi aliwasili saa nane. Hakuwa Mheshimiwa Waziri bali mwakilishi wa mwakilishi wake. Alisomewa risala, akachezewa ngoma tatu, akasifiwa kwa shairi la beti thelathini, kisha akasimama kusalimia. Alianza na Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa ambaye hakuwapo, akaja kwa waheshimiwa waliokuwapo mmoja mmoja, na alipofika kwa mlinzi wa mkoba wake alisema itifaki imezingatiwa. Akaeleza kwamba yeye amepewa idhini ya kusema, lakini hakupewa idhini ya kijiko. Kijiko ni cha Waziri mwenyewe. Aliwaomba akina mama wawe na subira, kwani subira huvuta heri.

Uji ulikuwa umeshaganda. Haukuruhusiwa kuliwa, kwa hiyo ulizikwa kwa heshima nyuma ya ofisi ya kata.

Mashavu alipofika mwezi wa nane akaja Waziri mwenyewe, mtu mkubwa, mwenye sauti ya kutosha mikoa miwili. Sikudhani alifurahi, nisikufiche. Alimvalisha Mashavu gauni jipya alilolishona kwa vipande vya utepe. Waziri alikata utepe, bendi ikapiga, Mbaraka akapuliza tarumbeta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na Waziri akatangaza kwa furaha kuu kwamba leo tumezindua sufuria. Uji wenyewe ungezinduliwa katika awamu ya pili, bajeti ikiruhusu.

Sikudhani alirudi nyumbani na hasira. Mtoto alikuwa amenyonya njia nzima na bado analia. Mbaraka, ambaye kazi yake ilimfunza mengi, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba awamu ya pili ni neno tu, maana wiki ile walizindua awamu ya pili ya ngazi ya ghorofa ambalo halina awamu ya kwanza.

*

Mwezi uleule Nesi Veneranda alimtundika Mashavu mzanini na nukta ikaangukia mahali pale pale pa mwezi wa sita. Aliunganisha nukta tatu, na mstari ukalala sawasawa kama kitanda. Sikudhani aliutazama. Alimfunua mtoto gauni, akaona mbavu ambazo hakuwahi kuzihesabu.

Nesi aliinuka, akafunga mlango, akageukia ukuta.

“Mimi nazungumza na ukuta,” alisema. “Ewe ukuta, mtoto akishapoteza miaka miwili ya kwanza, urefu huo haumrudii, na akili haimrudii yote. Mimi nimepima watoto tangu sijaota mvi. Sijaona hotuba iliyoongeza hata gramu moja. Karanga ziko sokoni, ewe ukuta.”

Kisha akageuka, akagonga muhuri wa ANASUBIRI UZINDUZI, akamwita mama mwingine.

Shida ilikuwa Bwana Mwinyipembe, Afisa Itifaki wa Kata. Huyu alipita nyumba kwa nyumba na kioo cha kukuzia, akikagua vinywa vya watoto na vijiko vya mama zao, na sikio lake lilitambua kinu cha karanga umbali wa nyumba kumi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Aliwapenda watoto, aliwabeba, aliwaimbia, kisha akawanusa midomo.

Ila ratiba yake iliandikwa ubaoni, kila mtu akaiona, na masikio yake yalikuwa na adabu moja kuu: wimbo wa Uzinduzi wa Taifa ukipigwa, alisimama wima popote alipo, akifumba macho, mpaka uishe. Basi kila siku saa nne, Mbaraka alikaa mlangoni na kuupiga wimbo ule beti zote kumi na mbili, na ndani Sikudhani alitwanga. Mtaa mzima ulisema Mbaraka ni mzalendo kupindukia. Mkuu wa bendi alimwandikia barua ya pongezi.

Kijiko cha kwanza Mashavu alikitema. Cha pili alikionja. Cha tatu alikishika yeye, na Sikudhani alilia huku akicheka, kwa furaha na kwa aibu, maana alikuwa amemnyima mwanawe kitu hicho miezi miwili kwa kumtii mtu asiyemjua. Baada ya kila mlo alimfuta mdomo, akamnyonyesha ili anuke maziwa, na kijiko akakificha ndani ya droo ya cherehani.

Jirani yake alikuwa Chausiku, mama wa Shomari, aliyezaliwa wiki moja na Mashavu. Sikudhani alimwendea na kumwambia yote, akampelekea na karanga kwenye kikombe. Chausiku alikirudisha kikombe mkononi mwake.

“Shomari ana kifua, dada,” alisema. “Kila mwezi tuko kliniki. Wakigonga hiyo batili, usiku akibanwa nitampeleka wapi?”

“Basi kidogo tu. Wimbo wa Mbaraka unafika mpaka kwako.”

“Walisema mwezi ujao. Nitasubiri huo mmoja.”

Sikudhani hakumlazimisha. Alirudi na kikombe chake, na kila saa nne alipotwanga alijua kwamba ukuta wa pili kuna mtoto anasikia harufu. Jambo hilo halikumtoka moyoni, na halijamtoka.

*

Awamu ya pili ikafika Mashavu akiwa na miezi kumi. Bwana Mwinyipembe aliwapanga akina mama mapema, kwa kuwa safari hii kulikuwa na wapiga picha. Alipita mstari kwa mstari akitafuta mtoto wa kupokea kijiko cha mfano, uso wake ukizidi kuwa na huzuni. Watoto walikuwa na vichwa vikubwa na shingo nyembamba, na wengi walisinzia. Alipofika kwa Mashavu alisimama, akamfinya shavu, akashusha pumzi kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea.

Wale waliokonda zaidi aliwaomba, kwa upole sana, wahamie nyuma ya turubai, karibu na jenereta. Alisema picha zinaonyesha vitu kuwa vibaya kuliko vilivyo. Chausiku aliinuka na Shomari begani. Sikudhani akaiona miguu ya Shomari. Ilikuwa imevimba, inang'aa, na mtoto hakuwa akilia, alitazama tu mbele.

Waziri alihutubia saa moja na nusu. Alisema nchi za wenzetu zina uji, lakini hazina uji uliozinduliwa. Alisema haraka haraka haina baraka. Alisema yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alisubiri sana, na tazameni alivyo leo. Hatimaye alichovya kijiko cha fedha kwenye bakuli la uji uliochotwa sufuriani, akakipeleka kinywani mwa Mashavu.

Mashavu alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Alimeza, akamshika Waziri kidole, akamnyang'anya kijiko, akageukia bakuli, akaanza kujilisha mwenyewe kwa ustadi wa mtu aliyefanya kazi hiyo miezi miwili. Bwana Mwinyipembe alikodoa macho. Afisa huyu alikuwa na kila kasoro, lakini upofu haukuwa mojawapo.

Waziri, yeye, alifurahi kupita kiasi. Alimnyanyua mtoto juu, akambana shavu mbele ya kamera.

“Tazameni matunda ya subira,” alinguruma. “Kijiko kimoja tu, na shavu limeshajaa.”

Meza kuu ikapiga makofi. Sikudhani akapewa kipaza sauti na karatasi yenye sentensi tatu za shukrani kwa niaba ya akina mama wote wavumilivu. Alijua kinachomsubiri akizisoma: cheti, kitenge, na kadi safi. Chanjo ya surua ya mwanawe ilikuwa bado, kwani nayo ilichelewa kuzinduliwa. Angefumba macho, angesoma, na mambo yangekwisha. Nyuma ya turubai jenereta lilikuwa linaguruma, na kikohozi cha Shomari kilisikika juu yake.

“Mheshimiwa,” alisema, “mwanangu hakusubiri. Anakula uji wa karanga jikoni kwangu tangu ana miezi minane, mara tatu kwa siku. Waliosubiri ni wale mliowaficha nyuma ya turubai. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na haya ni matumbo ya watoto.”

Kisha meza kuu ikapiga makofi tena, kwa kuwa ratiba ilisema baada ya shukrani ni makofi, na Waziri alipiga kwa nguvu kuliko wote, maana alikuwa anapanga karatasi zake na hakusikia neno. Mkuu wa bendi akainua fimbo. Mbaraka aliweka tarumbeta chini.

Mama mmoja wa mapacha, ambaye sijawahi kujua jina lake, aliinuka kutoka juani, akaenda mpaka kwenye sufuria, akaukata kwa meno utepe uliokuwa umeshafungwa kusubiri awamu ya tatu. Wakamfuata wengine, wakichota kwa vikombe, kwa mifuniko ya chupa, kwa viganja. Bwana Mwinyipembe alikimbia huku na huku akiwapelekea mkasi. Kula kungesameheka, alisema baadaye kwenye ripoti, ila utepe kukatwa kwa meno ni jambo lililomuumiza kama binadamu.

Sikudhani alijaza kikombe, akakipeleka nyuma ya turubai. Chausiku alikuwa amekaa chini, kadi mkononi, safi, haina muhuri mbaya hata mmoja.

“Mpe, Chausiku. Tafadhali.”

“Amevimba, dada. Nesi amesema huyu sasa ni wa hospitali ya mkoa,” Chausiku alisema. “Na hospitali watataka kadi.”

*

Kufikia Jumatatu kadi zote ila ya Shomari zilikuwa zimegongwa BATILI. Waraka ulisema batili haingii mlangoni, haukusema chochote kuhusu dirisha, kwa hiyo Nesi Veneranda aliwapima na kuwachanja watoto wote dirishani, huku akizungumza na ukuta. Mistari ikaanza kupanda. Mwisho wa mwezi aliandika ripoti ya kweli: watoto halali waliodumaa katika kata hii, hakuna. Wizara ilimpongeza, ikaitangaza kata kuwa ya mfano, na ikamhamishia kwenye kituo kipya kabisa, ambacho bado hakijazinduliwa. Anakaa nje yake mpaka leo, kwenye kiti, na mzani wake mapajani.

Shomari alipokewa hospitali ya mkoa kwa heshima, kwa sababu kadi yake ilikuwa halali. Ilikuwapo pia dawa yake: maziwa maalumu ya kuwarudisha taratibu watoto walioishiwa nguvu, makasha sitini, yamepangwa mlangoni mwa wodi, yamefungwa utepe. Daktari aliandika barua ya haraka. Alijibiwa kwamba Mheshimiwa yuko nje ya nchi akipokea tuzo ya makuzi ya watoto, na kwamba barua yake itashughulikiwa kwa awamu. Siku nne Chausiku alikaa ameyaegemea makasha yale. Hakugusa utepe, wala hakuna aliyeugusa, na mimi ninayesimulia sijui niwakasirikie vipi watu waliokuwa wamefundishwa vizuri hivyo.

Shomari alikufa Jumanne. Kwenye cheti waliandika kwamba alifariki akiwa halali.

Taifa lilimlilia. Waziri mwenyewe aliagiza ijengwe sanamu ya Mtoto Mtiifu katikati ya uwanja, na kitambaa cha kuifunika akapewa Sikudhani akishone, kwa kuwa hakuna fundi mwingine aliyejua kukata kwa vipimo vya umbo dogo. Alikubali, si kwa ujira, alitaka kuuona uso. Alipofika na futi yake akakuta sanamu nzuri, iliyojaa, yenye mashavu ya kufinywa. Mchongaji alimweleza kwamba hakukuwa na picha ya Shomari hata moja, maana siku ya picha alikuwa nyuma ya turubai, basi akapewa picha ya mtoto mwingine wa siku hiyohiyo.

Sikudhani alipima mwanawe wa jiwe kutoka kichwani mpaka miguuni, akaenda akashona.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Mashavu ni binti mrefu, mwenye maswali, na hawezi kupita uwanjani bila kukishika kile kitambaa cha sanamu kwa mkono. Juzi, wakiwa kibarazani, alimuuliza mama yake ndani ya kitambaa kuna nini.

“Kuna mwenzio.”

“Mbona hatoki?”

Kwenye kibaraza cha pili Chausiku alikuwa anatazama, kadi yake bado mfukoni. Sikudhani alimshika mwanawe mkono.

“Anamsubiri mgeni rasmi,” alisema.